Kabla Kikundi Hakijanunua Shamba: Maswali Kuhusu Wakili

Vikundi vingi vya kujisaidia vikishaweka akiba miaka mitatu minne, jambo linalotajwa mkutanoni ni shamba. Akina mama wanataka ploti ya kuweka kinu cha kusaga. Vijana wanataka nusu ekari ya sukuma wiki na nyanya karibu na mto. Wengine wanataka kununua ekari mbili tatu na baadaye kugawana. Mawazo haya ni mazuri sana.

Lakini tukumbuke kwamba shamba ni kitu cha bei kubwa kuliko vingine vyote ambavyo kikundi kitawahi kununua. Tena ni kitu ambacho mtu anaweza kukuuzia na si chake. Mbuzi utaona ametoka boma la nani. Shamba linakaa pale pale, na mtu yeyote anaweza kusimama juu yake, akanyoosha kidole na kusema, "Kutoka mti ule hadi ua ule ni kwangu."

Hapo ndipo habari ya wakili inapoingia. Watu wengi humkimbilia wakili baada ya ugomvi kuanza, pesa zikiwa zimekwisha kwenda. Wakati huo gharama ni kubwa na matumaini ni madogo. Katika toleo hili tunajibu maswali ambayo vikundi huuliza mara kwa mara. Msomeane katika mkutano, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

SWALI: Wakili wa mnunuzi hufanya kazi gani hasa?

Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mnacholipia ni cha anayewauzia, na kwamba mkimaliza kulipa kitaandikwa kwa jina lenu. Hufanya mambo haya:

(a) Hufanya sachi, yaani hutafuta rasmi katika rejista ya ardhi ili kujua mwenye shamba ni nani, ukubwa wake, na kama limewekwa rehani benki au lina zuio lililowekwa na mtu mwingine au na korti.

(b) Huandika makubaliano ya kuuziana, au huyasoma na kuyasahihisha kama yameandikwa na wakili wa muuzaji.

(c) Husimamia njia ya pesa, ili zisifike mfukoni mwa muuzaji kabla hajatimiza sehemu yake.

(d) Hufuatilia idhini ya Bodi ya Ardhi, ushuru wa stempu na uandikishaji, mpaka hatimiliki mpya itoke.

SWALI: Je, sheria inatulazimisha kuwa na wakili?

Mnunuzi halazimishwi kuajiri wakili. Lakini sheria inataka makubaliano ya kuuza ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwapo. Jambo hili limekuwa sheria tangu Juni 2003, nalo limerudiwa katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Kwa hiyo shamba la kupatana kwa mdomo, hata mbele ya wazee kumi, haliwezi kutetewa kortini kama makubaliano ya kununua.

Pia, mtu asiye wakili haruhusiwi kutoza pesa kwa kuandika hati za kuhamisha ardhi. Yule karani wa sokoni mwenye mashine ya kuchapa, na yule broka anayesema "nitawamalizia karatasi zote", wote wawili wanavunja sheria wakichukua malipo kwa kazi hiyo.

SWALI: Tuliandikiana mbele ya chifu naye akagonga mhuri. Hiyo haitoshi?

Karatasi ya chifu inaweza kuwa ushahidi kwamba mlikutana na pesa fulani zikatolewa. Lakini chifu hana rejista ya ardhi ofisini mwake. Hawezi kujua kama shamba lile lina mkopo wa benki. Mhuri wake hauhamishi shamba.

Mhuri wa wakili nao una mipaka yake. Hili ni jambo ambalo limeumiza watu wengi, kwa hivyo tulieleze polepole. Wakili anaweza kufanya moja kati ya kazi mbili. Ya kwanza ni kushuhudia sahihi: mnaingia ofisini na karatasi iliyokwisha andikwa, mnaonyesha vitambulisho, mnatia sahihi, anagonga mhuri, mnalipa kidogo na kuondoka. Hapo ameshuhudia tu kwamba ni ninyi mliotia sahihi. Hakufanya sachi, hakuangalia shamba ni la nani. Ya pili ni kuwakilisha: mmemwajiri, amefungua faili kwa jina la kikundi chenu, na anawajibika kwenu.

Basi mkiona mhuri wa wakili kwenye makubaliano, ulizeni: Huyu alikuwa wakili wa nani? Alichunguza, au alishuhudia sahihi peke yake?

SWALI: Muuzaji tayari ana wakili wake. Kwa nini tusitumie huyo huyo tuokoe pesa?

Wakili wa muuzaji anafanya kazi ya muuzaji. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini mambo yakiharibika atasimama upande wa aliyemwajiri. Muuzaji anataka pesa upesi, nanyi mnataka usalama kabla ya pesa kutoka. Mtu mmoja hawezi kuvuta kamba ncha zote mbili. Tena jihadharini zaidi kama wakili ameletwa na broka, kwa maana broka hulipwa shamba likiuzwa. Tafuteni wenu.

SWALI: Pesa zitoke lini?

Fuateni utaratibu huu, wala msiruke hatua hata moja.

1. Ombeni muuzaji nakala ya hatimiliki, kitambulisho chake na nambari yake ya PIN ya KRA. Anayekataa kutoa nakala hizi huenda ana jambo analoficha.

2. Sachi ifanywe. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hii hupitia kwenye kompyuta. Jijini Nairobi mtambo wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021, nao umekuwa ukipelekwa kwingine. Msikubali sachi iliyoletwa na muuzaji. Ifanywe na wakili wenu.

3. Wakili aangalie pia historia ya shamba, yaani lilitoka kwa nani likaenda kwa nani. Kwa mashamba mengi ya vijijini habari hizo zimo katika ile kadi ya kijani ya ofisi ya ardhi. Hatimiliki ni ushahidi wa kuwa mtu ni mwenye shamba, lakini korti inaweza kuifuta ikiwa ilipatikana kwa ulaghai au kinyume cha sheria. Mwezi Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilikataa kumlinda mnunuzi wa ploti ya Nyali ingawa alikuwa na hatimiliki, kwa sababu ardhi ile ilikuwa ya umma na haikutolewa kihalali hapo mwanzo. Ikiwa mzizi umeoza, tawi haliponi.

4. Mpima ardhi aende pale akiwa na ramani, awaonyeshe mawe ya mipaka. Inawezekana kuonyeshwa shamba zuri la chini penye maji, kumbe nambari iliyo kwenye hati ni ya lile la juu penye mawe.

5. Makubaliano yaandikwe na kutiwa sahihi. Ndipo malipo ya kwanza yatolewe. Kwa desturi huwa asilimia 10 ya bei, na ni vizuri yakae kwa wakili mpaka mambo yaliyokubaliwa yatimie.

6. Idhini ya Bodi ya Ardhi ipatikane.

7. Sachi irudiwe kabla ya kulipa pesa zilizobaki. Sachi huonyesha hali ya siku ile tu. Muuzaji anaweza kuchukua mkopo Jumatatu baada ya ninyi kufanya sachi Ijumaa.

8. Pesa zilizobaki zilipwe kupitia benki, wakili akiwa amepokea hatimiliki ya asili, fomu ya uhamisho iliyotiwa sahihi, na idhini ya bodi.

Msilipe kwa mkono. Pesa za mfukoni hazina shahidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa vikundi maneno haya ni ya kweli mara mbili, maana pesa si za mtu mmoja.

SWALI: Hii Bodi ya Ardhi, ile watu huita landi bodi, ina maana gani kwetu?

Shamba la kilimo haliwezi kuuzwa bila idhini ya bodi hii. Hukaa katika kaunti ndogo, na mwenyekiti wake huwa ofisa wa utawala. Muuzaji na mnunuzi hufika mbele yake, na kwa kawaida bodi hutaka kumwona mke au mume wa muuzaji na kujua kama jamii imekubali.

Shikeni jambo hili: ombi la idhini lazima lipelekwe katika muda wa miezi sita tangu makubaliano kufanywa. Idhini isipopatikana, sheria inasema makubaliano hayana nguvu tena. Mnaweza kudai pesa zenu kama deni, lakini muuzaji huenda amekwisha kulipa karo na kununua mabati, na deni la mtu asiye na kitu mtalilipisha kwa nini? Zipo kesi ambapo korti imemhurumia mnunuzi, lakini kikundi kisipange mambo yake kwa kutegemea huruma ya korti.

Na mke wa muuzaji asipuuzwe. Chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, mali ya ndoa haiwezi kuuzwa na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Wakili mzuri atataka ridhaa hiyo kwa maandishi. Akina mama mnaosoma ukurasa huu, jueni kwamba sheria hii inawalinda hata ninyi, siku bwana akitaka kuuza shamba mnaloishi.

SWALI: Shamba lingali kwa jina la marehemu baba yao, lakini watoto wote wamekubali kuuza. Tuendelee?

Hapana, ngojeni kwanza. Hadithi hii husikika vijijini kila mara: "Mzee alikufa zamani, shamba ni letu, hakuna shida." Shida ipo. Shamba la marehemu haliwezi kuuzwa mpaka korti imteue msimamizi wa mali, na uteuzi huo uthibitishwe, jambo ambalo kwa kawaida haliwezi kufanyika kabla ya miezi sita kupita. Hata msimamizi mwenyewe haruhusiwi kuuza ardhi kabla ya kuthibitishwa. Barua ya chifu inayotaja warithi ni mwanzo tu wa safari hiyo.

Mkilipa kabla ya hapo, atatokea binti aliyeolewa mbali, au mtoto wa nyumba ya pili, aseme hakuulizwa. Naye atakuwa na haki ya kusikizwa. Wakifungua kesi ya urithi na kuimaliza, hapo mnaweza kununua. Wasipotaka, tafuteni shamba lingine.

Vivyo hivyo, karatasi ya hisa katika kampuni ya ardhi, au nambari ya kura ya ploti, au barua ya kugawiwa, hizo zote si hatimiliki. Wakili awaeleze zina nguvu gani kabla hamjatoa shilingi.

SWALI: Shamba liandikwe kwa jina la nani?

Ndugu wasomaji, swali hili ndilo vikundi husahau kumwuliza wakili, na ndilo hubomoa vikundi hata pale ambapo muuzaji alikuwa mwaminifu.

Wanachama husema, "Tuandike jina la mwenyekiti, sote tunamwamini." Mwenyekiti anaweza kuwa mtu wa kuaminika kabisa. Lakini rejista itamtaja yeye peke yake. Akifariki, shamba litahesabiwa katika urithi wake, na watoto wake hawatajua habari ya akiba yenu ya shilingi mia mbili kila wiki. Akikopa, benki inaweza kuliona shamba kuwa lake. Wala si vizuri kumtwika mtu mwema mzigo wa namna hiyo.

Zipo njia nyingine, na wakili awasaidie kuchagua:

- Wanachama wote kuandikwa kwa majina, kila mmoja na fungu lake lililotajwa. Hii inafaa kikundi kidogo kinachotaka kugawana baadaye. Mmoja akifariki, fungu lake huenda kwa warithi wake, na lile la wengine haliguswi.

- Wadhamini, yaani watu mnaowachagua waandikwe kuwa wanashika shamba kwa niaba ya kikundi, pamoja na hati inayoeleza wajibu wao na jinsi ya kuwabadilisha.

- Kujiandikisha kuwa chama cha ushirika au kampuni, ambayo mbele ya sheria huhesabiwa kama mtu na inaweza kumiliki ardhi kwa jina lake. Hii inafaa kikundi kikubwa chenye biashara.

Vikundi vya kujisaidia huandikishwa chini ya Sheria ya Kuandikisha Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Nendeni kwa wakili na cheti chenu na katiba yenu, mwulizeni ni njia gani inawafaa. Hata mkichagua ipi, uamuzi uandikwe katika kumbukumbu za mkutano, uonyeshe nani alichangia kiasi gani, na wote watie sahihi.

SWALI: Wakili atatugharimu kiasi gani, na kuna gharama gani nyingine?

Malipo ya mawakili kwa kazi ya kuuziana ardhi yamewekewa kipimo cha chini na sheria, kulingana na bei ya shamba. Wakili haruhusiwi kutoza chini ya kipimo hicho, kwa hiyo anayewaambia "mimi nitafanya kwa bei ya kutupa" awatie wasiwasi badala ya kuwafurahisha. Mwombeni aandike jumla yote katika barua kabla ya kuanza, na aseme kama kodi ya VAT imo ndani au la.

Gharama kubwa nyingine ni ushuru wa stempu, unaolipwa na mnunuzi. Ni asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani na asilimia 4 kwa ardhi iliyo katika manispaa na miji. Tuchukue mfano. Kikundi kinanunua nusu ekari kwa shilingi 600,000. Ikiwa ni mashambani, ushuru ni shilingi 12,000. Ikiwa ni ndani ya manispaa, ni shilingi 24,000. Mthamini wa serikali akisema thamani ni kubwa kuliko bei yenu, ushuru huhesabiwa kwa thamani hiyo ya juu. Ongezeni ada za sachi, bodi, mpima ardhi na uandikishaji.

Kodi ya faida ya mauzo, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, ni mzigo wa muuzaji. Kuna mashamba yaliyosamehewa. Makubaliano yaseme wazi nani analipa nini, ili asije akawarudishia mzigo huo dakika ya mwisho.

Shauri letu: mkisema "tumetafuta laki sita, tununue shamba la laki sita", mmekosea hesabu. Tafuteni shamba la bei ya chini kidogo, ili pesa za kulilinda zibaki.

SWALI: Tutajuaje kuwa ni wakili wa kweli? Na akitutendea vibaya?

Kila wakili lazima awe na cheti cha kufanya kazi, na cheti hicho huisha tarehe 31 Desemba kila mwaka. Kuwa wakili mwaka jana si kuwa na ruhusa mwaka huu. Chama cha Mawakili wa Kenya kina orodha ambayo mtu yeyote anaweza kuangalia. Mpeni kijana mwenye simu atafute jina, au ulizeni ofisi zao. Msione haya kuuliza. Aliye halali hatakasirika.

Wakili akikaa na pesa zenu, au akinyamaza miezi bila kuwaeleza, mpelekeeni barua, mbaki na nakala. Asipojibu, kuna Tume ya Malalamiko ya Mawakili iliyo chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Nendeni na risiti, barua na kumbukumbu zenu. Ndiyo sababu tunasisitiza karatasi.

SWALI: Kuna jambo ambalo wakili hawezi kutufanyia?

Yapo mengi. Wakili hukaa mjini na kusoma karatasi. Hatajua kwamba jirani amelima futi kumi ndani ya mpaka, au kwamba njia ya kufika huko hupitia shamba la mtu, au kwamba kisima hukauka Januari. Hatajua kwamba kuna makaburi ya ukoo upande wa chini. Hayo ni kazi yenu. Tumeni wanachama watatu au wanne, waende zaidi ya mara moja, na siku moja waende bila muuzaji. Wazungumze na majirani wa pande zote, wazee wa kijiji, na yeyote anayelima pale. Mtu aliye ndani ya shamba aulizwe: "Wewe uko hapa kwa ruhusa ya nani?" Jibu lake mpelekeeni wakili.

YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kama kikundi chetu tayari kina shamba, hatimiliki iko wapi, na ina jina la nani? Ni nani kati yetu aliyeiona kwa macho yake?

2. Mtu huyo akifariki leo, ni karatasi gani itakayoonyesha kwamba shamba ni letu?

3. Kama tunapanga kununua, ni nani watakaokwenda kutafuta wakili, na watarudi na barua gani?

4. Muuzaji akisema, "Kuna mnunuzi mwingine anakuja kesho, leteni malipo ya kwanza leo", tutamjibu nini kwa umoja?

Swali hili la mwisho mlijibu mapema, mkiwa mmetulia, na jibu liandikwe na katibu. Anayewaharakisha anajua kwamba sachi huchukua siku kadhaa. Shamba halitahama likienda kwingine katika siku hizo, lakini pesa zenu zinaweza.